Revolva ya bei ya chini: uliza hela wamebana wapi

Swali limetoka kwa ndugu mmoja wa upande wa Mbarara, Uganda, mfanyabiashara wa ng'ombe, kwa kifupi anasema hivi: "Afande, kibali cha polisi nimeshapata, natembea na hela za mnada mpaka usiku. Kuna mtu ana karatasi zake zote anauza revolva ya Brazil, .38, imetumika, bei iko chini mpaka naogopa. Rafiki zangu wananicheka eti bunduki rahisi itakukata vidole. Nyumbani tena kuna revolva ya Kiingereza ya marehemu mzee, ile inafunguka kwa kuvunjika katikati, na watu wanasema vitu vya zamani ndo vilikuwa vitu. Mimi bunduki sijui. Nitajuaje ipi nzima na ipi takataka?"

Ssebo, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kulipa. Wengi huja kwangu wakishalipa, na hapo kazi yangu inabaki kuwapa pole tu. Mi nilikaa stoo ya silaha miaka mingi, nikastaafu, sasa natengeneza bunduki za makampuni ya ulinzi na za watu binafsi wenye karatasi, na katika zote ninazofungua mezani revolva ndo zinanichekesha zaidi, kwa sababu kila mtu anaamini haikwami na hakuna anayeifungua kuangalia.

Nianze na bei maana ndo inakusumbua. Revolva kwa nje ni kitu cha kizamani tu, mtutu, silinda, nyundo, traiga, basi. Lakini ina ugumu mmoja ambao bastola ya magazini haina. Bastola ya magazini ina chumba kimoja cha risasi na hicho chumba ni sehemu ya mtutu wenyewe, haviwezi kupishana hata ukitaka. Revolva ina matundu matano au sita yanayozunguka, na kila tundu likifika juu lazima lisimame sawasawa nyuma ya mtutu, na lisimame kabla nyundo haijaanguka. Likikosea hata unene wa unywele, risasi inaingia mtutuni ikiwa imejigonga ubavu, inanyolewa kidogo, na vile vinyolewa vya risasi vinaruka pembeni, vinampata aliyesimama karibu yako. Zamani kulinganisha hayo matundu ilikuwa kazi ya fundi na tupa na jicho lake, moja moja, na hiyo ndo hela uliyokuwa unalipa. Sasa kiwanda kikitaka kuuza rahisi lazima kibane mahali. Swali lako lote ni hapo: wamebana wapi?

Wakibana kwenye urembo, we kula raha. Rangi isiyong'aa, alama za mashine ndani ya fremu, mpini wa mpira badala ya mbao, boksi la karatasi, hivo vyote havina kazi risasi ikitoka. Nyundo na traiga za unga wa chuma uliobanwa kwenye kalibu na kuchomwa, wazee wa bunduki wanazilalamikia sana, mi sizilalamikii, hata viwanda vikubwa vya Marekani vinatumia. Wakibana kwenye ukaguzi, hapo kaa macho, kwa sababu maana yake bunduki mbili za kreti moja, namba zinafuatana, moja nzuri kabisa na nyingine inahitaji kurudi kiwandani, na huyo wa pili ndo anaenda kuwaambia watu kampuni nzima ni takataka. Kwa hiyo bunduki rahisi hununui jina, unanunua ile moja iliyo mkononi mwako. Wakibana kwenye chuma chenyewe, weka chini uondoke, hata kama unapewa bure.

Hii ya chuma nieleze vizuri kidogo. Miaka ya 1960 Marekani ilijaa virevolva vidogo vya bei ya soda, vingi vimetoka kampuni ya Röhm ya Ujerumani Magharibi, alama yake RG, fremu zake nyingi zimemwagwa kwa aloi ya zinki. Sheria yao ya 1968 ikazuia kuingiza bunduki za namna hiyo, wenyewe wakaenda kufungua kiwanda Miami wakaendelea kuunganishia huko huko ndani. Ile iliyompiga rais Reagan tarehe 30 Machi 1981 ilikuwa mojawapo, RG-14 ya .22. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi kama 380 hivi, chuma cha pua mpaka zaidi ya 1,400, na zinki ikigongwa mara nyingi inatanuka, mashimo ya pini yanakuwa makubwa, silinda inaanza kucheza kama jino la mtoto. Kwa .22, risasi ndogo, inaweza kuvumilia muda, kwa .38 iliyo kubwa zaidi mi sishiki.

Kuijua si kazi. Beba sumaku, hata ile ya kutoa kwenye spika mbovu. Igusishe kwenye fremu. Ikishika, ni chuma, na stenlesi nyingi za bunduki zinashika pia usiogope. Isiposhika usikimbie bado, maana kuna fremu nzuri kabisa za aluminiamu, Smith & Wesson wanazo tangu zamani. Hapo tumia mkono: aluminiamu ni nyepesi mpaka unashangaa, revolva ndogo nzima inakuwa kama gramu 425, zinki ni nzito karibu sawa na chuma. Haishiki sumaku na bado ni nzito, rudisha. Na kuna uchafu mwingine siku hizi, bastola za kengele, zile za kupiga kelele tu, mtu anazitoboa mtutu anauza kama revolva. Hiyo ni kesi na ni bomu kwa pamoja, usiiguse.

Sasa ya Brazil. Nadhani ni Taurus au Rossi, na zote hizo leo ni nyumba moja, revolva za Rossi zinatoka mikononi mwa Taurus. Taurus ilianza 1939 Porto Alegre ikitengeneza vifaa vya chuma, na mwaka 1970 kampuni ya Marekani iliyokuwa inamiliki Smith & Wesson ikanunua sehemu kubwa ya Taurus, wakakaa hivo mpaka 1977. Ndo maana ukifungua Taurus ndani unaona kama ndugu wa Smith & Wesson, wa mama mdogo labda. Hesabu matundu: .38 ndogo ya matundu matano mara nyingi ni Model 85, sita ni 82 au 856. Chuma chake ni chuma kweli, mi sijakutana na fremu yake imepasuka. Ugonjwa wake ni ule wa ukaguzi niliokwambia. Nimefungua moja ilikuwa tamu traiga yake kuliko za bei mara tatu, na nimefungua mwenzake tundu moja kati ya matano lilikuwa linachelewa kufunga. Bado iko na kitu kimoja kinachowadanganya wanunuzi: kuanzia 1997 waliweka kufuli, kuna kitundu cha ufunguo nyuma ya nyundo. Likifungwa nyundo haiendi popote, mtu anasema bunduki imekufa anaomba bei ishuke. Na likiwa wazi muuzaji anasahau kukupa ufunguo. Uulize ufunguo.

Ukikosa hiyo utaambiwa Armscor ya Ufilipino, M200, matundu sita, .38, nyingi ziko viunoni mwa walinzi, haina sura lakini chuma kipo, traiga yake tu ina mchanga ndani. Charter Arms ya Marekani ni nzuri kwa wazo lake, kampuni ilianza 1964, fremu yao ni kipande kimoja bila kifuniko cha ubavu, hiyo ni nguvu bila uzito. Heritage Rough Rider ya .22, kule kwao inauzwa chini ya dola 200, ni ya kuchezea shabaha, nyundo unavuta kwa kidole gumba kila risasi, usiinunue kwa kazi yako ya mnada. Na zaidi ya zote hizo kuna Smith & Wesson Model 10 zilizostaafishwa na polisi wa huko nje walipohamia bastola za magazini, rangi imetoka kwa kusuguana na ala miaka 20 na ndani hazijapigwa risasi hata za kujaza kofia. Kati ya revolva mpya rahisi na Model 10 iliyochakaa ngozi tu, mi nachukua ya pili nikiwa nimefumba macho.

Haya, siku ya kuiangalia. Karatasi kabla ya chuma: namba kwenye fremu na namba kwenye cheti cha muuzaji zifanane herufi kwa herufi. Hapa watu wanagombana bure, maana ukifungua silinda unaona namba kwenye pembe ya ndani ya fremu, na kwa Smith & Wesson nyingi pale panaandikwa modeli, namba yenyewe iko chini ya mpini, wakati mwingine lazima ufungue mbao kuiona. Namba iliyopigwa tupa, hata kama "ilikuwa kutu tu", unaaga unaondoka. Tangu mbunge Abiriga alipouawa Juni 2018 rais aliagiza bunduki zote nchini zichukuliwe alama, kama mtu anavyochukuliwa alama za vidole, na bunduki ukishaiweka jina lako, ya jana yake yote yanakuwa yako.

Alafu fungua silinda, angalia, ingiza kidole kila tundu, fungua tena uangalie tena. Mara mbili, hata kama muuzaji ameifungua mbele yako saa hii hii. Mi sina utani hapo.

Sasa tafuta fila geji, zile za mafundi wa boda za kupimia tapeti, visu vyembamba vya chuma vyenye namba. Kampala utaipata Kisekka, soko la spea za magari, na hapo Mbarara fundi yeyote wa Bajaj anayo, mwombe akuazime. Funga silinda, mwanya ulio kati ya uso wa silinda na kitako cha mtutu ndo tunapima. 0.10 mpaka 0.15 ya milimita ni raha. 0.20 sawa. Ikifika 0.25 mi naanza kushusha bei, ikipita 0.30 naacha. Ndogo sana pia si sifa, chini ya 0.05 bunduki ikipata joto na masizi silinda inasuguana na kukwama. Pima kila tundu likiwa juu, usipime moja tu ukaridhika, maana silinda iliyokatwa vibaya upande mmoja inajificha hapo. Alafu rudia ukiwa umeisukuma silinda nyuma kwa kidole, kisha umeisukuma mbele. Tofauti ya vipimo hivo viwili ndo silinda inavyotembea kwenda mbele na kurudi, na hiyo ikizidi 0.10 hivi kuna mtu aliipiga risasi kali nyingi au iliuzwa hivo hivo toka kiwandani.

Na hapa nirudi kwa rafiki zako wanaocheka. Wamesema kweli bila kujua. Kwenye huo mwanya hewa ya moto inatoka pembeni kwa nguvu kila risasi, kwa revolva yoyote, hata ya bei ya shamba, kwa hiyo ukishika na kidole kimepita mbele kando ya silinda itakuunguza na kukukata. Vidole vinakatwa kwa kushika vibaya, bei haihusiki. Shika mpini, mkono wa pili ukumbatie wa kwanza, hakuna kidole kinachovuka mbele ya traiga upande wa silinda.

Kinachofuata ndo kipimo kikubwa, ukisahau vingine usisahau hiki. Bunduki tupu, elekeza mahali salama, vuta nyundo kwa kidole gumba polepole, polepole kabisa kama unafungua mlango watoto wamelala, huku kidole cha mkono mwingine kinaikawiza silinda kidogo tu kwa kuigusa. Utasikia tik ndogo ya kijino cha chini kikiingia kwenye nochi ya silinda. Hiyo tik lazima ije kabla nyundo haijafika mwisho na kukaa, au pamoja nayo. Nyundo ikikaa na silinda bado inaweza kusogezwa, hilo tundu linachelewa. Fanya kila tundu, weka alama ya kalamu lile la kwanza usije ukapima moja mara mbili. Kuchelewa kidogo kwenye kuvuta polepole wakati mwingine kunatoweka ukivuta haraka, kwa sababu silinda ina mwendo wake, wauzaji wanakimbilia hapo, "vuta haraka utaona". Usivute haraka. Kilichochelewa leo kitachelewa zaidi kesho, kwa sababu kile kidole cha ndani kinachosukuma silinda kinalika tu, hakioti.

Nyundo ikiwa juu imekaa, bado tupu, isukume mbele kwa kidole gumba bila kugusa traiga. Isianguke. Ikianguka, kuna mtu alinoa ndani apate traiga laini, bunduki hiyo itakupiga wewe au ng'ombe wako. Kisha iachie nyundo ishuke kwa kuvuta traiga, traiga uishikilie nyuma usiiachie, sasa tikisa silinda kushoto kulia. Kucheza kidogo kupo na ni kwa kawaida, risasi inajitafutia njia yenyewe. Kucheza mpaka unasikia kelele, hapana.

Ukiwa bado umeshikilia traiga, chungulia kati ya nyundo na fremu. Revolva nyingi za miaka ya karibuni, Taurus nazo, zina kipande cha chuma kinachopanda juu traiga ikivutwa, nyundo inagonga hicho, hicho kinagonga pini. Ukiachia traiga kinashuka, na nyundo peke yake haifikii pini, kwa hiyo ikianguka sakafuni haipigi. Za kizamani hazina, au zina kizuizi cha namna nyingine ambacho kinaweza kukwama kwa mafuta yaliyoganda. Mwaka 1944 baharia mmoja wa Marekani aliuawa melini na revolva ya Smith & Wesson iliyodondoka tu, wakalazimika kubuni kizuizi kipya katikati ya vita. Kampuni ya Ruger ya Marekani mpaka leo wanabadilisha bure zile za kwao za kuvuta nyundo za kabla ya 1973. Bunduki isiyo na hicho kitu wala kizuizi kizima inabebwa na tundu moja tupu chini ya nyundo, yaani ya tano unahesabu nne.

Tochi sasa. Mtutu ndani uone mifereji ina makali. Ukiona duara kama pete nyeusi inazunguka ndani, hapo risasi iliwahi kukwama na nyingine ikaifuata, mtutu umevimba. Kitako cha mtutu, pale risasi inapoingilia, tafuta ufa, hasa upande wa chini. Model 19 za Smith na Wesson, za .357, zinajulikana kupasuka hapo hapo zikipigwa sana risasi nyepesi kali. Juu ya huo mwanya, kwenye paa la fremu, utaona mstari umelika kwa moto, huo ukiwa mwembamba usikutishe, unalika mpaka kiasi fulani unaishia hapo.

Alafu skrubu. Mi nikifika mezani naangalia skrubu kabla ya kitu chochote. Vichwa vimetafunwa maana yake kuna mtu aliingia na bisbisi ya redio. Na kwenye Smith & Wesson kuna skrubu moja mbele ya mpini inayokaza springi ya nyundo, watu wanailegeza traiga iwe laini kama siagi, kwenye duka inapendeza mpaka unacheka, siku ya siku nyundo inagonga kiwashio kama inakibembeleza. Bunduki inalia tik. Nimeletewa tatu za namna hiyo kwa mwaka mmoja na zote dawa ilikuwa mizunguko miwili ya bisbisi, na mwenyewe alikuwa tayari kuiuza kwa hasara.

Silinda ikifungwa, ifunge kwa mkono wa pili, polepole. Vijana wanairusha kwa kutikisa kiganja, tak, kama kwenye kibanda cha video VJ anavyotafsiri zile filamu za maboss wa Chicago. Ule mkono mwembamba unaobeba silinda unapinda, na ukipinda kila tundu linapotea. Muuzaji akiifunga hivo mbele yako umeshajua ilivyoishi. Zungusha silinda ikiwa wazi uangalie kile kijiti cha kutolea maganda, kikizunguka kwa kuyumba kimepinda. Kikiwa kimelegea tu kinafungua taratibu na kukwamisha silinda isifunguke, na kwa Smith & Wesson tangu miaka ya 1960 kinakazwa kwa kuzungushwa kinyume, kwa hiyo usije ukakikaza kwa nguvu ukakivunja.

Hiyo "revolva haikwami" wanayosema ni nusu ya maneno. Risasi ikigoma, unavuta tena tundu lingine linakuja, hapo imeishinda bastola ya magazini. Lakini ikikwama yenyewe, huipigi kofi ikafunguka, inataka meza na fundi. Na kinachokwamisha mara nyingi ni ujinga mdogo, punje za baruti ambayo haijaungua zimeingia chini ya ile nyota ya kutolea maganda, silinda haifungi au inafunga haizunguki. Dawa ni mswaki mkavu, na ukitoa maganda uelekeze mtutu juu. Nyingine, kwa virevolva vyepesi, ule mrusho unavuta vichwa vya risasi zinazosubiri, vinatokeza mbele ya silinda, inakwama. Ukipata bunduki nyepesi pima: piga zote uache moja, itoe uilinganishe na mpya kama imerefuka.

Kuna mlinzi aliniletea revolva ya kampuni yake, alikuwa ameibeba miaka miwili getini, mvua na jua. Mwajiri hakuwahi kumpa hata kitambaa. Risasi tano zilikuwa zimeota kijani, zimeshikana na matundu mpaka nikazitoa kwa mafuta na subira ya siku nzima, na ngozi ya ala ndo ilifanya hivo, ngozi inanyonya unyevu na chumvi za kutengenezea inakula shaba. Bunduki yenyewe ilikuwa ya bei nzuri, jina kubwa! Kwa hiyo hata yako ukinunua, usiku inatoka kwenye ala, inafutwa, inaingia kwenye sefu, watoto hawajui ufunguo uko wapi.

Tuje kwa ya mzee. Kwanza, na hili usilichukulie kama maneno ya ofisini, cheti kilikuwa cha marehemu, hakikurithiwa na familia. Usiifunge kwenye gunia ukapanda nayo boda kwenda kuonyesha fundi. Mpigie mkuu wa polisi wa wilaya, waje au wakuelekeze, iandikwe, ndo yaje maneno ya ubora.

Inayovunjika katikati itakuwa Webley au Enfield, na hapo swali kubwa ni risasi. Zile za .38 za jeshi la Uingereza zinakula risasi fupi na nene, .38 S&W, wenyewe Waingereza waliita .38/200. Si .38 Special ya dukani, ambayo ni ndefu na nyembamba kidogo. Kwa kawaida Special haiingii mpaka mwisho, lakini kama kuna mtu aliitoboa silinda iingie, ukipiga ganda linavimba na kupasuka ndani, na msukumo wake ni mkubwa kuliko bunduki ilivyopangiwa. Ikiwa ni ile kubwa, Mk VI ya .455, nyingi zilikwanguliwa kitako cha silinda zipokee .45 ya bastola, na hiyo .45 inasukuma zaidi ya kile kiwanda kilipimia. Kuvunjika katikati kunapendeza kwa macho, maganda yanaruka yote, lakini nguvu yote inakaa kwenye bawaba na kilatchi kimoja juu. Ikifungwa, shika mpini na mtutu uitikise, ikilia kama bawaba ya geti imekwisha. Usije ukasema nyundo imekatika mkia kama ni Enfield, nyingi za kuanzia 1938 zilitengenezwa bila mkia makusudi, zilikuwa za watu wa vifaru wasijinase humo ndani. Alama ndogo za taji kwenye silinda na mtutu mara nyingi ni za nyumba ya majaribio, kule Birmingham wanapima tangu 1813, maana yake ilipigwa risasi kali kuliko kawaida ikahimili. Ilihimili siku hiyo. Miaka 80 ya unyevu haimo kwenye hiyo alama.

Kwa hiyo watu wako wanaosema vya zamani ndo vitu, kwa kazi hii wamekosea. Ya mzee, kama polisi watakuruhusu iandikwe kwako, kaa nayo kama kumbukumbu, isipigwe. Ya Brazil nenda ukaipime, na kabla hata ya kuipima uliza duka lenye leseni ni risasi gani za .38 Special wanazo mara kwa mara, maana bunduki ya dola kidogo isiyo na risasi ni jiwe. Ukinunua usianze kuibeba kesho yake. Nenda reinji ambako polisi wanakuruhusu, piga kiasi kibali kinachokuruhusu, mi ningependa zifike 100, nusu ziwe za aina ile ile utakayobeba, na kila ganda likitoka uangalie kile kiduara cha kiwashio nyuma: shimo la pini liwe katikati na lina kina sawa kwa kila tundu. Likiwa pembeni kwa tundu moja tu, tayari umeshajua tundu gani linachelewa bila hata fila geji. Hizo risasi 100 ziweke kwenye bei unapojumlisha, utaona mwenyewe ile "rahisi" imepanda, na bado inaweza kuwa ununuzi mzuri.

Nenda mchana, usiende na anayekuharakisha. Ukishapima niandikie namba ya mwanya ya kila tundu, zikiwa tano tano, zikiwa sita sita, na useme lipi lilitoa tik kwa kuchelewa, nitakwambia kama ni ya kulipa au ni ya kurudisha na asante.